Kuziba tundu la kiwambo cha sikio kliniki: kazi iko ukingoni

Swali linalorudi kila mara ni la karatasi: ni ipi inayobandikwa juu ya tundu, na je, inaziba? Basi karatasi ni ile ya kusokotea sigara, iliyotakaswa. Clarence Blake wa Boston alibandika karatasi kwenye kiwambo mwaka 1887, na mpaka leo njia hiyo inafaa. Lakini jamani, karatasi haizibi tundu! Karatasi ni daraja. Kinachoziba ni ngozi ya kiwambo yenyewe, nayo haisogei mpaka ukingo uamshwe.

Tazameni ndewe iliyotogwa. Hereni ikikaa miezi, ngozi huota mpaka ndani ya tundu, na hata hereni ikivuliwa tundu hubaki. Kiwambo kilichotoboka siku nyingi ndivyo kilivyo: ngozi ya nje imekunjamana ukingoni, imekutana na utando wa ndani, mwili umeona kidonda kimepona. Ukibandika karatasi juu ya ukingo huo, wiki mbili baadaye inadondoka na tundu ni lile lile. Kisha watu wanasema njia haifai.

Kwa hiyo ukingo kwanza: ujeruhiwe upya ili ngozi ianze kuota tena. Chini ya hadubini, tia ganzi kwa kipamba chenye lignokaini, kiguse kiwambo bila kuchuruzika. Dawa ikipenya sikio la kati, mgonjwa anashikwa na kizunguzungu na kutapika. Kisha zungushia pamba kidogo sana kwenye ncha ya chuma chembamba, chovya katika asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 50, halafu ikamue kwenye kitambaa cha shashi mpaka ikaribie kukauka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: pamba ikiwa imelowa, tone huingia ndani na kuunguza. Gusa ukingo wote, pande zote, mpaka utokee utepe mweupe wa kama nusu milimita. Ukiruka sehemu, sehemu hiyo haitaota. Ndipo ubandike karatasi iliyoloweshwa, ipite tundu kwa milimita moja au mbili kila upande. Mwangalie baada ya wiki mbili. Tundu likiwa limepungua, rudia.

Mtu atasema: kwa nini tusisubiri? Tundu jipya, la kofi au la njiti, subirini. Mengi hujiziba ndani ya miezi mitatu yakiachwa makavu, bila mafuta wala matone ya kubahatisha. Ninasema juu ya yale yaliyogoma.

Na si yote. Sikio linalotoa usaha, tundu kubwa, tundu lililofika pembeni kabisa, au lenye ngozi nyeupe iliyojikusanya nyuma yake: hayo peleka kwa mpasuaji. Pima usikivu kabla na baada ya kubandika; usipopanda, shuku vifupa vya sikio la kati vinavyopitisha sauti.

Ipo pia njia ya kipande cha mafuta kutoka kwenye ndewe, kwa tundu dogo, nayo vilevile inataka ukingo ukwanguliwe kwanza. Mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu, na akioga aweke pamba iliyopakwa mafuta mazito.