Mrindimo wa Vidole kwenye Dumbaki: Mkono wa Misri na Mkono wa Uturuki

Ndugu zangu, kabla hatujagusa ngoma, wekeni kiganja cha kushoto juu ya meza. Kunjeni kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka. Inueni cha shahada: kinapanda. Sasa inueni cha pete. Hakiendi.

Msijilaumu. Kano za kidole cha pete zimeungana na za jirani zake nyuma ya kiganja. Cha kati kikifungwa, na chenyewe kimefungwa. Basi kidole hichohicho ndicho wapigaji wa Misri wanachokipa pigo la "ka", pigo kali la ukingoni la mkono wa kushoto, nusu nzima ya mrindimo, yaani mapigo ya haraka yanayofuatana bila kukatika. Ugumu wote unaanzia hapo, na anayejaribu kuushinda kwa kukaza kidole ataumia bure.

Ngoma ninayoisema Misri inaitwa tabla, Uturuki darbuka, na katika taarabu ya Zanzibar ndiyo dumbaki. Inalazwa juu ya paja la kushoto, mkono wa kushoto ukipita juu yake mpaka vidole vifike ukingoni. Mkono huo upumzike tu. Ukiikandamiza ngoma ili isiteleze, kigasha kinakaza na vidole vinakufa; ngoma ikiteleza, tafuta kitambaa cha kuweka pajani.

Mrindimo wa msingi ni tek, pigo kali la ukingoni la mkono wa kulia, na ka ya kushoto, kwa zamu. Kidole cha pete hakinyanyuliwi peke yake. Kigasha kizima kinazunguka kidogo, kama unafungua kufuli kwa ufunguo, na kidole kilicholegea kinarushwa na mzunguko huo. Ncha iangukie kwenye ngozi na kifundo cha kwanza kiguse ukingo. Ikiingia ndani zaidi, sauti inakuwa nzito na kujifunika. Ikibaki ukingoni tu, utasikia chuma bila ngozi.

Wekeni metronomu, kifaa cha kuhesabu mwendo, kwenye milio 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila mlio: mapigo 240 kwa dakika. Fumbeni macho. Mkiweza kutambua upi ni mkono wa kulia, msipandishe. Kosa la kawaida ni kuongeza nguvu ya kushoto ili ulingane na kulia. Fanyeni kinyume: punguzeni kulia. Mrindimo hupimwa kwa kidole kilicho dhaifu, na ukishasawazika pale chini, kasi inakuja. Metronomu ikifika 120 mtakuwa mnapiga mara 8 kwa sekunde, na hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya muziki.

Wanaotaka zaidi wanaingia kwenye mrindimo wa vidole vitatu: kulia, pete ya kushoto, kisha shahada ya kushoto. Kulia inapumzika, kasi inapanda. Lakini mapigo matatu hayagawi mapigo 16 ya milio minne, kwa hiyo hupangwa 3, 3, 3, 3, 2, 2. Mkono wa kulia unaangukia pigo la 1, 4, 7, 10, 13 na 15, wakati mguu unagonga 1, 5, 9 na 13. Vinakutana mara mbili tu. Asiyegonga mguu ataufuata mkono wa kulia, na wimbo utamwacha.

Waturuki wana njia nyingine, na ngoma yao inawaruhusu. Ukingo wa darbuka yao umebaki wazi, ngozi iko juu kabisa, hivyo kidole kinaweza kubanwa na gumba kisha kufyatuliwa kwa mlio mkali. Mpigaji wa Kituruki Mısırlı Ahmet ndiye aliyeupa umaarufu mkono uliogawanywa: kigasha kikizunguka huku kinapiga kidole cha pete, kikirudi kinapiga cha shahada. Mkono mmoja unatoa mapigo mawili kwa mzunguko mmoja. Ukingo wa tabla ya Misri ni mnene na wa mviringo. Unavipokea vidole kwa upole katika tek na ka, lakini mfyatuo hauna pa kushika. Chagueni ngoma kwa mbinu mnayoitaka.

Wenye ngozi ya asili, pwani hii ina unyevu. Ngozi ikilegea, ka ndiyo inayotangulia kupotea, na mpigaji hudhani vidole vyake vimechoka. Ipasheni moto kidogo kwanza. Ngozi ya plastiki haina shida hiyo.

Na mrindimo uwekwe wapi? Chukueni maqsum, mdundo wa Kiarabu wa nafasi 8, ambamo dum ni pigo zito la mkono wa kulia katikati ya ngozi: dum, tek, kimya, tek, dum, kimya, tek, kimya. Jazeni nafasi ya 7 na ya 8 kwa mapigo manne ya haraka, kisha mwangukie dum. Hapa tumieni zamu ya kulia na kushoto, msitumie vidole vitatu. Kwa vidole vitatu pigo la nne linarudi kulia, na mkono huohuo unatakiwa kupiga dum papo hapo, dum itachelewa. Kwa zamu, mkianza na kulia, la nne linabaki kushoto, na wa kulia umeshafika katikati ya ngozi.