Jinsi ya Kuvuka kwa Feri Kutoka St. Kitts Hadi Nevis na Kurudi Siku Hiyohiyo

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunavuka kutoka Basseterre, mji mkuu wa St. Kitts, hadi Charlestown katika kisiwa cha Nevis, na tunatarajia kurejea kabla giza halijaingia. Safari ya majini huchukua takriban dakika 45, na kwa kuwa visiwa hivi viwili vya Karibiani ni nchi moja, iliyopata uhuru Septemba 19, 1983, hakuna pasipoti ya kugongwa muhuri wala viza ya kutafuta njiani. Mnaonifuatilia mnajua kuwa ninauza mifuko ya simu isiyopitisha maji, kwa hiyo sitajifanya kwamba video hii haina harufu ya biashara. Hata hivyo, nisingekuwa na mfuko hata mmoja wa kuuza, feri hii ningeipanda vilevile.

Kufika gatini ni jambo jepesi, nitalipita haraka. Gati la feri lipo katika Bay Road, kando ya bahari, jirani na kituo cha mabasi, wala msilichanganye na Port Zante, ambako hufunga meli kubwa za watalii. Basi dogo la abiria mtalitambua kwa namba inayoanza na herufi H, na teksi kwa namba inayoanza na T. Ukija kwa teksi, patana bei kabla ya kuketi. Haya, tuingie ndani.

Hapa dirishani ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini, nami nitakwenda polepole kwa makusudi. Boti zinazovuka kwenda Nevis ni za wamiliki mbalimbali, na kila boti ina saa zake. Msidhani mko Likoni, ambako kivuko kikikuacha unasimama kidogo tu na kingine kinafika. Nitausogezea kamera ubao wa ratiba ili mjionee wenyewe: karatasi hii mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani kwa utepe wa gundi, kona yake moja imeng'oka kwa upepo, na saa mbili kati ya zilizochapwa zimekatwa kwa kalamu ya bluu pasipo kuandikwa nyingine badala yake. Ukiipiga picha karatasi hii na kuondoka, umebeba picha tu, hujabeba ratiba.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, muulize mkata tiketi mambo matatu: boti hii itaondoka Charlestown saa ngapi kurudi huku, tiketi ya kurudi inakubalika katika boti nyingine au katika hii tu, na boti ya mwisho kabisa ya leo ni ipi. Sisitiza neno "leo". Ukiuliza boti ya mwisho huondoka saa ngapi kwa kawaida, utajibiwa ya kawaida, ilhali Jumapili na sikukuu boti hupungua, na injini ikileta matatizo ratiba nzima hubadilika. Katika msimu wa Culturama, tamasha linalofanyika Nevis tangu 1974 kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, nenda gatini mapema sana, kwa sababu nusu ya St. Kitts nayo huwa inavuka.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Ukiambiwa boti inaondoka saa "sita" kwa hesabu yao ya jioni, kwetu hiyo ni saa kumi na mbili jioni, na kichwa kilichochoka kwa jua huchanganya mambo haya kwa urahisi wa kushangaza. Andika 18:00 kwa tarakimu, kwa kalamu, kwenye tiketi yenyewe. Usiandike kwa kumbukumbu, na usimwachie mwenzako akukumbushie, maana naye anakutegemea wewe. Nauli lipa kwa fedha taslimu. Fedha ya hapa ni dola ya Karibiani Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja. Dola za Marekani hupokelewa pia, ila chenji aghalabu utarudishiwa kwa fedha ya hapa.

Sasa tunapanda. Tiketi mkononi, begi begani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, umeingia. Kabla hujatafuta kiti, tazama majaketi ya kuokolea maisha yamewekwa wapi na mlango wa karibu ni upi. Sisemi hivi kwa kuwatisha. Jumamosi ya Agosti 1, 1970, feri iliyoitwa Christena ilizama ikiwa njiani kutoka Basseterre kwenda Charlestown, njia hiihii tunayopita leo. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu, chombo kilikuwa kimeundwa kwa abiria wapatao 155, na kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Watu 233 walikufa na 91 wakaokoka. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kujazwa kupita kiasi. Ukiona watu wamebanana hadi kwenye ngazi, shuka, usubiri boti ifuatayo.

Kuhusu kiti, kila mtu ana mapenzi yake, nami nina yangu. Tunaelekea kusini-mashariki, hivyo rasi ndefu ya St. Kitts itakuwa kushoto kwetu karibu njia nzima, na baadaye fukwe za Nevis zitakuwa kushoto vilevile. Anayetaka mandhari akae kushoto. Lakini kushoto ndiko joshini, upande unaopigwa na upepo, na maji hurukia hukohuko. Rasi inatukinga kwa sasa, ndiyo maana bahari imetulia na mnanisikia vizuri. Ikiisha, tutaingia katika mlangobahari wa The Narrows, ambako mawimbi ya Atlantiki hupenya bila kizuizi, na hapo anayetapika kwa urahisi atatamani angekaa chini, katikati, karibu na tezi, yaani upande wa nyuma wa boti. Mimi nimekaa juu, kushoto. Ndiyo, najua.

Mbele yetu ni Nevis Peak, mlima wa volkeno wenye urefu wa mita 985, na kilele chake kimefunikwa na wingu. Nilitaka kuwaonyesha jinsi wingu hilo linavyo... naomba mnisubiri kidogo. Lenzi imepigwa na maji ya chumvi, na kipaza sauti kinavuma kwa upepo. Msiifute lenzi kwa shati, tafadhali, kwa sababu chembe za chumvi hukwaruza kioo; mwagieni kwanza maji baridi ya kunywa, kisha kausheni kwa kitambaa laini. Simu yangu, kama mnavyoiona, imo ndani ya mfuko na haina neno. Kiungo cha duka kipo chini ya video. Nimemaliza matangazo.

Tumefika Charlestown. Wenzetu wote wanakimbilia teksi, lakini sisi hatuondoki gatini. Tunamwendea mhudumu wa upande huu na kumuuliza tena: boti yetu ya kurudi itaondoka leo saa ngapi? Mtaniambia tumekwisha kuuliza. Tuliuliza Basseterre, hapa ni Nevis, na anayejua boti ipi imebaki gatini ni mtu wa hapa. Mnamsikia? Amesema tuwepo nusu saa kabla, na saa aliyoitaja imetangulia ile niliyoandika kwenye tiketi. Ninakata ya kwanza na kuandika hii. Mpango wa siku nzima utapangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa hii, si kwenda mbele kutoka sasa.

Mji wenyewe unazungukika kwa miguu. Kando ya bahari lipo jengo la mawe lililojengwa upya mahali ambapo inasemekana Alexander Hamilton alizaliwa, mwaka 1755 au 1757, maana wanahistoria hawajaafikiana. Chini ni makumbusho ya historia ya Nevis, na juu hukutana Baraza la kisiwa. Hamilton alikuwa waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, na uso wake umo kwenye noti ya dola 10, kwa hiyo ukilipia soda kwa noti hiyo hapa Charlestown, umemrudisha mtu kwao. Baraza hilo nalo lina habari zake: mwaka 1998 watu wa Nevis walipiga kura ya kujitenga na St. Kitts, na walioafiki walikaribia asilimia 62, ila katiba ilidai theluthi mbili. Watazamaji wangu wa Unguja na Pemba, msianze mjadala wa Muungano kwenye maoni.

Kutoka hapo tembea kuelekea kusini hadi Bath, ambako ipo hoteli ya mawe iliyojengwa 1778 na, chini yake, kijito cha maji moto yanayopashwa na volkeno. Wenyeji hukaa humo wakizungumza bila haraka. Tanguliza miguu, kaa dakika chache, toka upumzike, kisha urudi ukipenda. Moto wa maji haya si wa mzaha. Njiani huenda mkawaona tumbili. Asili yao ni Afrika Magharibi, waliletwa na mabaharia wa Ulaya karne nyingi zilizopita, na tabia ya kuiba maembe hawajaiacha.

Chakula changu hapa ni goat water, mchuzi wa mbuzi wenye shelisheli na matonge ya unga, unaonukia karafuu kiasi cha kumfanya Mpemba aulize umetoka nyumba gani. Agiza mapema, kwa sababu huisha. Anayetaka kuogelea aende Pinney's Beach, kaskazini mwa mji, kwa teksi, na apatane na dereva saa ya kuja kumchukua.

Wenye gari la kukodi wana njia nyingine, feri ya magari kati ya Major's Bay na Cades Bay, ambayo huvuka kwa muda mfupi zaidi lakini haifiki mjini upande wowote.

Sasa turudi gatini. Tumewahi, foleni imeanza, na safari hii kaeni kulia. Yule ambaye hata baada ya maneno yangu yote ameachwa na boti ya mwisho asilale gatini: aende kwa teksi hadi Oualie Beach, akaulize boti ndogo za kukodi zinazovuka hadi ncha ya kusini ya St. Kitts kwa dakika chache. Bei itakuwa ya mtu mwenye shida, kwa hiyo apatane kabla ya kupanda, na apige simu ya teksi ya Basseterre akiwa bado yuko Nevis, kwa sababu kule atakakoshushwa usiku hakuna kituo cha basi.