Mkono Ulionyoshwa Miami

Ndugu zangu, naanza na mkono. Usiku wa tarehe 27 Juni 2019, jijini Miami, wagombea kumi waliotaka chama cha Democratic kiwateue kuwania urais wa Marekani walikuwa jukwaani kwa mdahalo. Mwendesha mdahalo, mtangazaji Lester Holt, akakumbusha kwamba watazamaji wengi wana bima ya kazini, kisha akataka mikono ipande: nani angefuta bima yao ya kampuni binafsi, mahali pake uwekwe mpango wa serikali? Ikapanda miwili tu: wa Seneta Bernie Sanders, mtetezi wa siku nyingi wa mpango huo, ambao haukumshangaza mtu, na wa Seneta Kamala Harris.

Kulipokucha Harris akasema hakulielewa swali. Alidhani anaulizwa bima yake mwenyewe. Watu walimcheka. Lakini hebu litazameni hilo neno "yao". Hata kwetu lina utata: yao wagombea, au yao wananchi? Tatizo ni kwamba Januari alikuwa ameshasema kwenye runinga kampuni hizo ziondoke. Julai akaleta mpango wake: mpito wa miaka kumi, na kampuni zikaachiwa mlango.

Mnajua, mwaka 2017 Sanders alipopeleka Seneti mswada wa kuifanya serikali mlipaji mmoja wa matibabu, Harris na Seneta Elizabeth Warren, naye mgombea wa 2019, waliuunga mkono. Wakati ule haikuwagharimu kitu, kwa kuwa Trump alikuwa Ikulu na mswada usingepita. Kwenye kura za mchujo, chama kinapochagua mgombea wake, ndipo mtu huulizwa nani atalipa.

Warren aliulizwa mpaka akachoka: kodi ya mtu wa kipato cha kati itapanda? Tarehe 1 Novemba 2019 akatoa hesabu ya matumizi mapya ya serikali, dola trilioni 20.5 kwa miaka kumi, bila kumgusa huyo mtu wa kati. Wiki mbili baadaye, akasema aanze na wanaotaka kujiunga na mpango wa serikali, mswada kamili ungoje hadi mwaka wa tatu. Hapo alikuwa amesogea karibu kabisa na mgombea mwenzake Pete Buttigieg, aliyekuwa akiuza Medicare, bima ya serikali ya wazee, "kwa kila anayeitaka". Kazi yote ilifanywa na hilo "anayeitaka". Linampa kila mpiga kura ruhusa ya kubaki alipo.

Jimbo la Nevada ndilo lililonifurahisha. Chama cha wafanyakazi wa hoteli za Las Vegas kina bima nzuri, kiliyoipigania kwa migomo. Februari 2020 kikasambaza vipeperushi: Sanders ataimaliza. Tarehe 22 wapishi na wasafisha vyumba wakaingia kupiga kura ya mchujo ndani ya hoteli ya Bellagio, wengine na sare zao za kazi, wakajipanga kwa makundi, kila kundi na mgombea wake, mbele ya kamera. Kundi la Sanders ndilo lililokuwa kubwa.