Eti nimeenda Ufaransa kusomea vibonzo? Haya, leo najibu

Assalaam aleykum, habari zenu jamani, wa Tanga na wa kwingineko. Leo narekodi nikiwa nyumbani Makorora, nimekuja likizo, kwa hiyo mkisikia bajaji na watoto wa jirani mvumilie. Nimekaa nijibu hili swali maana kila video nikiweka, hata ile ya kupika mchuzi wa papa, linakuja lilelile. Dada, ni kweli umeenda Ufaransa kusomea vibonzo? Halafu chini yake mwingine anajibu kwa niaba yangu, si angechora hukuhuku, hela za wazazi zinapotea bure. Juzi tu pale Ngamiani mzee mmoja ninayemheshimu sana kaniuliza mbele za watu, mwanangu, hiyo ni digrii au ni kozi ya kupitishia muda?

Najua nikieleza shida za kule kuna watakaosema nalalamika, nikieleza mazuri nitaambiwa naringa na vi-euro vyangu. Mie nitasema yote, we chukua linalokufaa.

Kwanza, kuchora ni sehemu tu ya ninachosoma. Ni masters, unasoma vibonzo kama wenzetu wa fasihi wanavyosoma riwaya na mashairi, historia yake, lugha yake, nani alimchora nani na kwa faida ya nani. Tunaweza kukaa asubuhi nzima na ukurasa mmoja. Chukulia kiboksi cha kwanza mama kashika simu sikioni, uso umemshuka, kiboksi cha pili ni jikoni, hakuna mtu, sufuria inaungua. Hakuna aliyekuambia kuna msiba, hakuna neno hata moja, lakini umeshajua mama katoka mbio na ndala mguu mmoja. Umejuaje? Umejazia mwenyewe pale kwenye nafasi nyeupe katikati ya viboksi, na mchoraji alipima hiyo nafasi akijua utaijaza. Mchoraji mzuri hata kiboksi cha mwisho kule chini kulia hakiweki ovyo, anajua hapo ndipo mkono wako unakwenda kufunua ukurasa. Bibi zetu kwenye kanga wanasoma mchoro na jina kwa pamoja bila kufundishwa, sasa nyie mkiniambia picha na maneno ni mambo ya watoto nashindwa kuwaelewa.

Na hiki kitu kina umri. Mwalimu mmoja wa Geneva, Rodolphe Töpffer, alikuwa anachapisha hadithi za picha tangu miaka ya 1830. Mwaka 1992 Mmarekani Art Spiegelman akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi kule Marekani, kwa Maus, kitabu cha katuni kuhusu baba yake aliyenusurika kwenye kambi za Wanazi. Mnaosema katuni ni za kuchekesha tu, nendeni mkasome hicho halafu mrudi hapa.

Mji ninaokaa unaitwa Angoulême, mdogo kabisa, Tanga inaumeza mara kadhaa. Lakini vibao vya majina ya mitaa vimetengenezwa kwa umbo la lile duara la maneno linalotoka mdomoni mwa katuni, kuta za maghorofa zimechorwa vibonzo vizima, na tamasha lao lilianza 1974, siku za tamasha hoteli hujaa mpaka watu wanalala miji ya jirani. Kuna makumbusho pembeni ya mto, ndani ukurasa uliochorwa kwa mkono umewekwa kwenye kioo na taa hafifu ili wino usififie. Nilisimama pale nikaona alama za penseli chini ya wino, na sehemu mchoraji kapaka rangi nyeupe kufuta pua akachora nyingine. Pua tu jamani, na wameitunza. Hilo nalirudia baadaye.

Haya, hela, maana ndiko mnakotaka. Mwaka 2019 Ufaransa ilipandisha ada za vyuo vikuu vya serikali kwa sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya, masters mwaka huo ikawa euro 3,770 wakati Mfaransa alilipa 243, darasa moja, mwalimu mmoja. Vyuo vingi vya sanaa viko chini ya wizara yao ya utamaduni na vina ada zake tofauti, kwa hiyo usichukue namba yangu ukaipigia hesabu, angalia chuo chako. Na kwenye viza lazima uonyeshe una angalau euro 615 kwa kila mwezi, ambayo kwetu ni zaidi ya milioni moja na nusu, kila mwezi, na isionekane imeingia jana yake kwenye akaunti. Wanaosema wazazi wangu matajiri, baba yangu ni mstaafu wa mambo ya mkonge, ile hela ni ya ndugu wengi na kuna ami yangu mpaka leo kila nikimsalimia ananikumbusha.

Makaratasi ndiyo yalinitoa machozi. Jina la baba kwenye cheti changu cha kuzaliwa limepishana herufi moja na vyeti vya shule, kosa la aliyeandika mimi nikiwa mchanga nanyonya, lakini wa kuhangaika ni mimi, nenda kwa wakili ukaape, rudi, karatasi haina muhuri, rudi tena. Ukimaliza, vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, analipwa kwa kila ukurasa. Unafika kule, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki, benki inataka uthibitisho wa nyumba, na wote wanataka mdhamini Mfaransa, mie Mfaransa nimtoe wapi? Kuna kitu kinaitwa Visale, ni udhamini wa bure wa kodi ya nyumba, wanafunzi wanapata, omba mapema kabla hujapanda ndege, hili hakuna aliyeniambia na ndiyo maana nawaambia. Viza yenyewe ukifika uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu, usijisahau. Kazi unaruhusiwa saa 964 kwa mwaka, na mimi saa hizo zinaishia jikoni kwenye mgahawa, nachora usiku.

Na kuna jambo limenikaa moyoni. Tulikuwa tunasoma Tintin, katuni za kijana mwandishi wa habari, kile kitabu chake cha Kongo cha mchoraji Hergé, Mbelgiji, kilichotoka kama kitabu 1931. Waafrika humo wamechorwa midomo kama magurudumu, wanamsujudia kijana mweupe na mbwa wake. Kwenye toleo la kwanza Tintin anaingia darasani anawafundisha watoto wa Kikongo kuhusu nchi yao Ubelgiji, 1946 Hergé akakichora upya, somo likawa hesabu za kujumlisha. Midomo ikabaki. Mkongomani mmoja alipeleka shauri mahakamani Brussels, 2012 wakamkatalia. Sasa darasani wakaanza, enzi zile ndivyo ilivyokuwa, tusimhukumu kwa macho ya leo, halafu wote shingo zikanigeukia mimi, mweusi pekee mle ndani, eti nitoe maoni. Nikawauliza, hizo enzi zile, Mkongomani aliyeziishi mlimuuliza? Kimya. Niliumia, nawaambia kweli, na siku ile ndiyo nikajua kwa nini niko pale. Kama hatusomi hiki kitu tutabaki kuchorwa na kuelezwa na wengine.

Maana sisi tulikuwa tunajichora. Chakubanga, katuni ya Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, wazee wenu wanamjua. Jarida la Sani na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe, Philip Ndunguru alichora humo. Katuni ya Kingo ya James Gayo. Mchoraji Gado ni Mtanzania wa Dar, amekuwa akiwachora marais kule Nairobi tangu miaka ya 1990. Watu hawa walieleza foleni, ulevi, ubahili, mapenzi ya mjini, rushwa, vitu ambavyo kwenye kurasa za mbele za magazeti havikukaa. Nilipotaka kuandika utafiti wangu juu yao nikauliza huku na huku, majarida yenyewe hayapo, yamefungiwa karanga, yamewashiwa jiko. Wenzetu wanaitunza pua iliyofutwa, sisi tumewatupa akina Lodi Lofa wazima wazima. Hilo linanikera kuliko viza.

Sasa mdogo wangu unayeniuliza uje au usije, mimi siwezi kukuambia njoo. Kwangu imefaa kwa sababu nataka kufundisha na kuandika, Kifaransa nilikipenda tangu nikijifunza Alliance Française ya Dar, na nina ndugu waliojitolea. Wewe kama unataka kuchora tu na una mkono, huenda chuo cha sanaa Bagamoyo na simu yenye programu ya kuchora vikakutosha kuanzia. Kifaransa usije chini ya B2, yaani kiwango cha kuweza kufuata masomo na kujieleza bila kukwama, utateseka. Mwingine kaja akafanikiwa kwa njia nyingine kabisa, kila mtu na riziki yake, kwa hiyo usije ukasema dada alisema.

Ombi langu kwenu, hasa mlioko Tanga mjini, Pangani, Muheza, Korogwe. Uliza kwa bibi, kwa babu, kwa kinyozi wa zamani, angalia chini ya magodoro na kwenye masanduku ya bati. Ukikuta jarida la vibonzo la zamani, hata limechanika, usilikate wala usilibandike gundi. Lipige picha dirishani mchana, bila flashi, ukurasa mzima uonekane mpaka pembeni, anza na jalada lenye tarehe na bei, halafu nitumie inboksi na uniambie limetoka kwa nani ili jina lake liandikwe. Mie niko hapa mpaka mwisho wa mwezi, la Chumbageni au Mabawa nalifuata mwenyewe kwa miguu.