Leza ya presha ya macho hudumu miaka mingapi?

Kabla sijapanda hapa, mzee mmoja wa safu ya mbele amenishika mkono akaniuliza: "Daktari, nikishapigwa hiyo leza, presha ya macho ndiyo nimeachana nayo?" Mzee wangu, nakujibu mbele ya wote: hapana. Ila huenda ukaachana na chupa ya matone kwa miaka kadhaa, na hilo si haba.

Jicho hutengeneza majimaji usiku na mchana, nayo hutoka kupitia kichujio chembamba kilichojificha pembeni. Kichujio kikizibana, presha hupanda na mshipa wa fahamu wa jicho huanza kufa kidogo kidogo, bila maumivu. Leza ninayoizungumzia, iitwayo SLT, hulenga hapo. Unaegemeza kidevu kwenye mashine, jicho limetiwa matone ya ganzi, unawekewa kilenzi, kisha unaona mimweko ya kijani. Ni kama 100 hivi, kuzunguka kichujio chote. Kila mmweko hudumu sekunde 3 ukizigawa kwa bilioni. Joto halipati hata muda wa kusambaa. Leza ya agoni ya miaka ya 1970 ilikuwa inachoma na kuacha makovu, ndiyo maana kuirudia kulitutia wasiwasi. Hii hairarui kitu.

Sasa, miaka mingapi? Utafiti ninaouamini zaidi ni LiGHT wa Uingereza. Wagonjwa 718 ambao hawajawahi kutibiwa: wengine walianza na leza, wengine na matone. Baada ya miaka 3, karibu robo tatu ya macho yaliyoanza na leza presha yake ilikuwa palepale ilipotakiwa, bila tone hata moja. Baada ya miaka 6, asilimia 70 hivi. Na msisahau, baadhi ya macho hayo yalipigwa leza zaidi ya mara moja. Kwangu mimi takwimu nzito ni nyingine: waliohitaji upasuaji. Upande wa leza macho 13, upande wa matone 32.

Nchini Tanzania, kule Moshi, leza ilipambanishwa na matone ya timolo. Baada ya mwaka mmoja ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, timolo 31. Sishangai. Matone yanataka mkono usiotetemeka na kichwa kisichosahau, kila siku ya Mungu.

Naam, mama pale nyuma? Anauliza kama nguvu ya leza huisha. Huisha, mama, na haikupigii hodi. Nimewapokea watu waliopigwa leza wakapotea miaka minne, wakarudi wanajigonga milangoni. Sehemu iliyokwisha kufa siwezi kuifufua. Wangekuja mapema tungepima, tukaona presha imeanza kupanda, tukarudia leza au tukaongeza tone moja usiku. Kupima kwenyewe dakika chache tu.