Mama, Hatuharibu Nyasi: Tunaipa Ardhi Pumzi

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora. Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Wa Isevya, wa Ng'ambo, wa Cheyo, wa Ipuli, na nyote mlio mbali na nyumbani kama mimi, karibuni.

Leo naongea nikiwa kazini, kwenye kiwanja cha gofu nje kidogo ya jiji la Glasgow, Uskoti. Ni mwisho wa Agosti, saa moja kasoro asubuhi, na ubaridi huu ni ule wa kwetu wa alfajiri ya Juni. Huku bado wanauita kiangazi.

Video hii ni kwa ajili ya mama. Jumapili nilimtumia picha ya kazi tuliyoifanya wiki nzima, akanipigia simu usiku huohuo, sauti imejaa wasiwasi. "Mwanangu, mbona mmetoboatoboa nyasi za watu namna hiyo? Wenyewe wanajua?" Mjomba naye akaongezea kwenye kundi la familia kwamba zulia zuri kama lile hata mbuzi huwezi kumwachia, leo sisi tunalipitishia misumari. Nikaona maneno ya WhatsApp hayatoshi. Ngoja niwaonyeshe.

Hapa ninapochuchumaa panaitwa grini. Ndiyo sehemu yenye shimo na bendera, ambapo mchezaji anausukuma mpira polepole mpaka utumbukie. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu, kipimo cha tangu 1891. Kwa hiyo uso wa grini lazima uwe laini kama meza. Nyasi tunazikata zikabaki na urefu usiofika milimita 4. Jipu dogo la udongo, alama ya kiatu, nyasi moja iliyokaa vibaya, mpira unapotea njia.

Sasa fikirieni miguu. Mchezaji anaweza kupita popote kwenye kiwanja hiki kikubwa, lakini kila mtu lazima akanyage grini zote 18, na wote wanasogea palepale kwenye shimo. Ndiyo maana kila asubuhi tunalihamisha shimo: tunakata jipya pengine na kuziba la jana. Hata hivyo, miezi inavyokwenda udongo unashikamana. Udongo mzuri una vinafasi ndani yake, vingine vya maji na vingine vya hewa. Miguu na mashine vinavibana vile vikubwa vya hewa kwanza. Mizizi inahitaji oksijeni kama sisi. Ikikosa, inabaki mifupi, juujuu. Maji ya mvua nayo hayashuki, na hapa Glasgow mvua haina msimu.

Tazameni hiki. Nasogeza kamera. Hiki ni kipande cha udongo kilichotolewa na mashine, kinafanana na kizibo cha chupa, ila ni kirefu zaidi, kama sentimita 8. Juu kabisa mnaona kijani chembamba. Chini yake kuna tabaka la kahawia, kama sentimita moja na nusu. Ukilibonyeza linabonyea kama sponji. Hizo ni nyasi na vikonyo vilivyokufa vikarundikana kuliko vinavyooza. Sponji hii inashika maji na kufuga kuvu. Chini zaidi mnaona mistari myeupe na myeusi kwa zamu: kila mstari mweupe ni mchanga tuliomwaga mwaka fulani. Na hapa pembeni, nageuza polepole, mnauona mzizi huu mweupe? Umeteremka mpaka chini kabisa kwa sababu umepata shimo la mwaka jana lililojaa mchanga. Mizizi mingine yote imeishia juu. Huu umefuata njia tuliyoichimba sisi.

Mama, hiyo ndiyo sababu.

Nilipoanza kazi hapa, kuna kona ya grini moja iliyo chini ya miti ambayo ilikuwa inakufa kila vuli. Nilipochomoa udongo pale ulikuwa mweusi, unanuka yai viza. Harufu ile ndiyo alama kwamba hewa imekwisha kabisa chini na vijidudu visivyohitaji hewa vimeshika nafasi. Sijaisahau mpaka leo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mashine ina meno ya bomba, matupu katikati, yenye upana wa nusu inchi. Yanapanda na kushuka kama cherehani, kila baada ya sentimita 5, na kila likishuka linachomoa kizibo. Piga hesabu: kila mita moja ya mraba ina mashimo 400. Grini ya mita za mraba 500 ni mashimo 200,000. Zidisha kwa 18, ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Pamoja na yote hayo, uso tulioutoa ni kama asilimia 5 tu. Picha inatisha kuliko hali yenyewe.

Vizibo tunavisukuma kwa majembe mapana, tunavibeba. Halafu unakuja mchanga. Kila grini inakula kama tani tatu, na lazima uwe mkavu, kwa sababu mchanga mbichi unakwama mdomoni mwa shimo na kuacha uwazi chini. Tunausambaza, tunaupiga brashi huku na huku mpaka kila shimo lijae. Siku hiyo mgongo unaongea. Mchanga ni utaalamu wa zamani wa Uskoti: Tom Morris mzee, aliyetunza viwanja vya St Andrews kuanzia miaka ya 1860, anakumbukwa mpaka leo kwa kusisitiza mchanga juu ya grini.

Jambo moja nataka wakulima walisikie. Ukitoboa kina kilekile kila mwaka, pale meno yanapoishia panajengeka sakafu ngumu. Ni kama shamba linalolimwa kwa trekta kina kimoja miaka nenda rudi: juu tifutifu, chini saruji. Kwa hiyo tunabadilisha. Mwaka huu sentimita 8, wakati mwingine tunaleta mashine ya meno marefu yasiyo matupu, yanayofika sentimita 20 na zaidi, na yanautikisa udongo chini bila kuuchimbua juu.

Wakati nao una sheria zake. Unatoboa nyasi zikiwa na nguvu ya kukua, ili kidonda kipone. Huku ni majira ya kuchipua au mwisho wa kiangazi kama sasa, kabla baridi haijakaza. Ukichelewa mwezi mmoja na nusu, mashimo yanabaki wazi hadi mwaka mpya. Tukiwahi, wiki mbili hadi tatu nyasi zimefunga. Wiki hizo wachezaji wanalalamika sana. Mwanachama mmoja alinisimamisha mwaka jana, akaniambia kwa ukali kwamba tumemharibia ada yake. Nilimpa kizibo kimoja mkononi, nikamwonyesha mizizi. Alinyamaza akakiangalia muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani.

Nyasi zetu hapa nyingi ni aina inayoitwa kitaalamu Poa annua. Ndiyo, Poa, kama vijana wanavyojibu salamu stendi.

Sasa nafika kwenye swali la mjomba, swali zuri kabisa. Aliona kwenye video ya mwezi wa sita nikiendesha rola juu ya grini, akasema: mnatoboa ili udongo ulegee, halafu mnaushindilia tena, akili gani hiyo?

Mjomba, rola ile ni pasi, haifanyi kazi ya mchi. Mchi wa kinu unapiga sehemu moja kwa nguvu yote. Pasi ina uzito, lakini uzito umetandazwa na unateleza. Ngoma za rola yetu ni laini na ndefu, na mgandamizo wake kwa kila sentimita ni mdogo kuliko wa kisigino cha mtu anayetembea. Dereva anakaa ubavu, mashine inakwenda kulia na kushoto kama ng'ombe anayevuta jembe akifika mwisho wa tuta na kurudi. Kazi yake ni kulaza uso tu. Baada ya kutoboa, kingo za mashimo huwa zimeinuka kidogo, rola inazirudisha. Siku za kawaida inaondoa umande na kusawazisha, mpira unakimbia.

Kasi hiyo tunaipima. Kuna kifaa kinaitwa stimpmita, kipande cha aluminiamu chenye mfereji, urefu wa sentimita 91. Alikibuni Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935. Unaweka mpira kwenye kitundu, unainua taratibu mpaka uachie wenyewe, unapima umekwenda umbali gani, kisha unarudia kutoka upande wa pili. Juzi, kabla ya rola, tulipata mita 2.7. Baada ya rola, mita 3. Hizo sentimita 30 zina thamani kubwa, maana bila rola ungezipata kwa kukata nyasi chini zaidi, na nyasi iliyokatwa mno ni kama mtu anayefanya kazi nzito kwa mlo mmoja.

Kuna jingine lililonishangaza nilipolisoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, waliona kwamba grini zinazopigwa rola mara kwa mara zinapata kidogo ule ugonjwa wa kuvu unaoacha madoa meupe ya duara. Wa Oregon State nao wakaona rola inapunguza kuvu wa baridi, ambaye ndiye adui wetu mkubwa hapa. Dawa ikipungua, gharama inapungua, na mto wa jirani unapona.

Lakini udongo ukiwa umelowa, rola inabaki bandani. Hapo ndipo inageuka mchi kweli. Mwaka wangu wa pili nilipewa amri ya kupiga rola asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, kwa sababu kulikuwa na mashindano. Nilitii. Tulilipa kwa miezi minne, grini tatu zilituama maji mpaka majira yao ya kuchipua. Siku hizi nikiambiwa hivyo nakataa, na naeleza kwa nini.

Sasa turudi Tabora.

Likizo ya mwaka jana nilipita kwenye uwanja wa mpira wa shule niliyosoma. Ilikuwa Julai, vumbi. Mfukoni nilikuwa na bisibisi, tabia ya kazi. Nikaisukuma ardhini mbele ya goli kwa nguvu zangu zote. Iliingia sentimita mbili, ikagoma. Pembeni, chini ya mwembe ambapo watoto hawakimbii, iliingia mpaka kwenye mpini. Udongo uleule, hatua 30 tu. Nikakumbuka utoto wetu: mvua ikinyesha Januari, golini panakuwa dimbwi, kipa anadaka ndani ya maji, na tulikuwa tunasema pale pana bonde. Hapana bonde pale. Nilitandaza kamba nikapima, pako sawa. Maji yanakosa pa kushukia.

Na nyasi iliyokuwa inajaribu kuishi pale kandokando ni ukoka. Ukoka huuhuu tunaoung'oa kwenye mahindi tukiulaani! Ndugu zangu, viwanja vingi vya gofu vya nchi za joto vimejengwa juu ya ukoka. Kule Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, wataalamu waliuchanganya ukoka na ndugu yake kutoka Afrika Kusini, wakapata aina ambazo zimepandwa dunia nzima. Sisi tumeshazaliwa nao.

Niliporudi huku nilimchorea mdogo wangu kifaa, akampelekea fundi wa kuchomelea hapo Ng'ambo: kipande cha chuma bapa, chini meno manne ya nondo ya milimita 12 yaliyochongwa ncha, urefu sentimita 10 kila moja, juu mpini wa bomba. Unakanyaga, unatikisa kidogo, unachomoa, unasogea. Nilimsihi asianze kabla ya mvua, kwa sababu kiangazi ukoka umelala na ardhi ni tofali. Walianza Desemba, vijana sita, mbele ya goli moja tu, eneo la mita 6 kwa 4. Goli la pili tuliliacha makusudi ili tulinganishe. Mchanga waliuchota kwenye kijito kilichokauka, wakauchekecha, wakaufagilia kwenye mashimo. Niliwakataza udongo wa mbuga, kwa sababu ule ukilowa unaziba kila kitu.

Februari mdogo wangu alinitumia video mbili, mvua imeacha dakika 20 tu zilizopita. Goli la kusini, lile tuliloliacha, dimbwi, na bata ndani yake. Goli la kaskazini, lililotobolewa, matope kidogo na ukoka umetambaa kiasi cha shubiri mbili kuelekea katikati. Nilimwonyesha mkuu wangu wa kazi hapa, akaiangalia mara tatu.

Sasa nawaomba. Wewe uliye karibu na uwanja wowote, wa shule, wa mtaa, wa kanisa au wa msikiti, chukua bisibisi leo jioni. Choma golini, choma katikati, choma pembeni chini ya mti. Pima kwa rula, nitumie namba tatu na jina la mtaa wako. Walimu wa michezo, mchoro wa kile kifaa naubandika chini ya video hii, mpeni fundi yeyote. Mvua za Novemba hazijafika, muda upo.

Mkuu ananiita, mchanga wa grini ya saba umeshakauka. Mama, nitakupigia saa mbili usiku.