Tundu Limeziba, Mama Bado Analowa

Asanteni. Mlionisikia huko nyuma mnajua nitakapoanzia. Nivumilieni: nataka tumuulize mgonjwa mwenyewe hali yake baada ya kutibiwa.

Nilikuwa muuguzi wodi ya fistula, lile tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo. Kuna mama tulimfanyia upasuaji, akakaa na mpira wa mkojo siku 14. Tulipoutoa tukamjaribu kwa maji ya bluu kwenye kibofu, pamba tuliyoweka ukeni ikatoka nyeupe pe! Nikaandika "amepona", daktari bingwa akasaini, mama akapewa kitenge kipya na nauli. Kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za huduma za afya, kazi imekwisha.

Mwaka uliofuata nikamkuta stendi. Amesimama, na benchi lina nafasi. "Kaa, mama." "Niko sawa, sista." "Unaendeleaje?" "Vizuri, namshukuru Mungu." Ningepanda basi langu hapo, leo ningekuwa nawasimulia mafanikio. Basi jingine likapita kwa kasi, upepo ukainua pindo la kitenge kile kile tulichompa. Ndani kuna kingine, kimekunjwa mara nne kama nepi. Nikamuuliza taratibu, "Ukikohoa, je?" Akacheka huku anaangalia chini. "Nikikohoa, nikinyanyua ndoo. Hata hivi nikicheka. Kanisani siendi."

Sasa sikilizeni. Tundu lilikuwa limeziba kweli, daktari hakudanganya. Misuli ya kuzuia mkojo ndiyo iliyokuwa imelegea, na fomu yetu iliuliza habari za tundu tu. Hospitali ile (siitaji, msinibane) ilisifiwa mwaka huo kwa mafanikio yake.

Mtaniambia, "Lakini sisi wagonjwa tunawauliza, tuna sanduku la maoni." Sanduku! Lina kufuli, na ufunguo anao mtu aliyehamishwa. Halafu Kiswahili chenyewe kinatuponza. Hujambo? Sijambo. Mtu ana homa ya 39, "sijambo, ila kichwa tu." Mgonjwa ukimuuliza mlangoni kama ameridhika atasema ameridhika, maana anayemuuliza ndiye atakayemdunga sindano akirudi. Na kuridhika ni habari ya mapokezi, foleni, lugha ya nesi. Ni muhimu, sikatai. Mimi naulizia kitu kingine: unakohoa bila kulowa? Unalala usiku? Umerudi shambani?

Uingereza wanafanya hivyo tangu Aprili 2009. Anayebadilishwa nyonga au goti kwa fedha ya umma anapewa dodoso kabla ya upasuaji, na miezi 6 baadaye jingine linamfuata nyumbani. Nyumbani, jamani, siyo kitandani pa wodi. La nyonga lina maswali 12, kila moja alama 0 hadi 4, asiye na shida kabisa anapata 48. Tofauti ya kabla na baada ndiyo inayohesabiwa, na matokeo ya kila hospitali yanatangazwa. Walikuwa na dodoso la upasuaji wa ngiri pia, wakaliacha 2017. Kwenye maswali ya afya kwa jumla, wa nyonga karibu 9 kati ya 10 walisema wamepata nafuu. Wa ngiri, kama nusu. Msikimbilie kuwahukumu wapasuaji wa ngiri! Wengi wao walikuja hawana maumivu makubwa, sasa utawapunguzia nini?

Ila msiende kulinakili dodoso lao. Swali mojawapo linasema: umeweza kuvaa soksi? Soksi! Bibi yangu Pangani ana kandambili, na mguu ukivimba anazivua. Bibi muulize kama anachuchumaa chooni. Muulize kama anakaa tahiyatu au anaswalia kwenye kiti.

Kuna mganga mfawidhi ananijia kila mwaka na hoja ile ile: "Mimi napokea walioshindikana kwingine, utanilinganishaje?" Ana haki. Mama aliyeshonwa mara tatu kabla ya kufika kwako si sawa na aliyekuja mara ya kwanza. Ndiyo maana tunaandika umri, idadi ya upasuaji uliopita, na hali aliyokuja nayo, kisha tunalinganisha wanaofanana. Hoja yake inataka hesabu nzuri zaidi, yeye anaitumia kukwepa hesabu yoyote.

Na wala si mambo ya juzi. Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, aliwafuatilia wagonjwa wake mwaka mzima baada ya upasuaji, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakubwa wenzake hawakumpenda hata kidogo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: anayeuliza asiwe aliyetibu. Na simu za kuwafuatilia wagonjwa nyumbani, hapa naomba mnisikie. Simu nyingi ni za mume. Ukipiga ukasema "hapa ni wodi ya fistula" na aliyepokea ni shemeji, umemwaga siri ya mtu kijiji kizima. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, mwambie achague namba ya kupigiwa, na achague sisi tujiite nani. Mmoja alituambia tujiite wauza vitenge, na kweli tulipopiga mume alikuja juu, anadai hana hela ya vitenge.

Lile la kuwalipa watoa huduma kwa matokeo haya naliruka, lina ugomvi wa siku nzima. Dada wa nyuma pale, mkono umeuinua tangu kwenye soksi. Sema.